Kabla Hujamwita Mtu Kibaraka: Mwongozo Kamili wa Majina ya Kubandikana katika Siasa

Kila msimu wa uchaguzi ninaletewa maandishi ya kuhariri, na kosa ni lile lile. Mwandishi mmoja anaandika "kibaraka wa mabeberu" kana kwamba ndicho cheo cha mtu. Mwenzake, kwa woga, anafuta kila neno kali mpaka msomaji hajui watu waligombania nini. Msimamizi wa kundi la WhatsApp naye anamtoa aliyesema "chawa" na kumwacha aliyesema "madoadoa", kwa kuwa la kwanza limemuuma yeye na la pili hakulijua uzito wake.

Mwongozo huu ni wa hao watatu. Ukiufuata utaweza kulipokea jina la kubandika, kulielewa, na kuamua kama unalinukuu, unalibadilisha au unaliacha.

## Andaa hivi kwanza

- Rekodi nzima ya sauti au video, au tamko lote lilivyoandikwa. Kipande cha sekunde 20 kilichosambazwa hakitoshi.
- Kamusi mbili za Kiswahili, moja ya zamani na moja ya karibuni.
- Watu wawili wanaoijua lugha ya mahali pale, kila mmoja wa upande wake wa siasa. Jirani yako wa chama kimoja nawe si shahidi.
- Karatasi yenye safu tatu: jina, dai, ushahidi.
- Sheria ya nchi unayoandikia. Kenya, anza na Ibara ya 33 ya Katiba, ya uhuru wa kujieleza, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008. Tanzania, isome Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kabla hujabonyeza kitufe cha kutuma.
- Nusu saa ya utulivu. Majina haya hutumwa mbio mbio kwa sababu mbio ndizo zinazoyasaidia.

## Hatua ya 1: Pata tamko zima

Andika mstari mmoja wenye mambo matano: nani alisema, wapi, lini, mbele ya nani, na kwa maneno gani hasa. Usiandike kwa kumbukumbu. Sikiliza tena.

Sababu ni kwamba neno moja hubeba uzito tofauti kulingana na ardhi linakodondokea. Januari 2022 seneta mmoja wa Kenya alikamatwa baada ya kusema kwenye mkutano wa hadhara Eldoret kwamba madoadoa yaondolewe. Alijitetea kuwa hakukusudia kabila lolote, alikusudia wanasiasa wasiokuwa wa mrengo wake. Mtu wa Dar es Salaam akisikia hivyo anaona utetezi unaingia akilini, maana kwake madoadoa ni mabaka tu ya nguo au ya ngozi. Lakini maneno yale yalisemwa Bonde la Ufa, na pale neno hilo lilikwisha kutumika kwa watu wa makabila mengine walioonekana "kuchafua" rangi moja ya eneo. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, waliouawa Kenya nzima walizidi 1,100, na Eldoret na vitongoji vyake vilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Msikilizaji wa pale hasikii mabaka ya nguo.

Onyo: usikubali tafsiri ya mtu mwingine mahali pa maneno yenyewe, hasa kama msemaji alichanganya Kiswahili na lugha ya nyumbani. Kwenye mikutano yetu neno kali mara nyingi hutolewa kwa lugha ya kabila, halafu Kiswahili kinarudi kupoza.

Umefaulu kama mtu asiyekuwepo anaweza kusoma mstari wako akajua ni wakati gani na mahali gani, bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 2: Jua neno lilikotoka, kisha jua linasema nini leo

Hapa ndipo wengi hukwama. Wanafungua kamusi, wanaona maana ya kwanza, wanarudi mbio kusema "mbona si tusi?" Kamusi inakupa mlango wa kuingilia. Chumba chenyewe kimepangwa na watu wa siasa.

Chukua *beberu*. Zizini ni mbuzi dume, basi. Siasa za ukombozi zikalifanya jina la dola kubwa zinazotawala wengine, na Tanzania ya John Magufuli, kuanzia 2015 hadi 2021, ikalisikia tena karibu kila wiki. Likishaambatana na *kibaraka*, halimsemi tena mtu wa Ulaya. Linamsema Mtanzania aliyekosoa jambo na anayedaiwa kutumwa. Ukitafsiri "mabeberu" kama "nchi za nje" umelivua makali, na msomaji wako hatajua kwa nini huyo aliyeitwa kibaraka alitishika.

*Fisadi* limesafiri zaidi. Kamusi za zamani zinakupa mtu mpotovu wa maadili, mzinzi, mharibifu. Ukimwambia mzee wa Pwani kwamba fulani ni fisadi, anaweza bado kufikiria wake za watu. Kisha tarehe 15 Septemba 2007, viwanja vya Mwembeyanga, Temeke, Dk. Willibrod Slaa, mbunge wa chama cha upinzani CHADEMA, akasoma orodha ya watu aliowaita mafisadi, na tangu hapo sikio la Mtanzania linasikia fedha za umma. Maana mpya imeimeza ya zamani ndani ya miaka michache.

Yako pia majina ambayo wenyewe ndio waliyatoa. Mwaka 2011 CCM, chama tawala cha Tanzania, chini ya Jakaya Kikwete, ilitangaza "kujivua gamba", ikichukua mfano wa nyoka anayejisafisha. Wapinzani wakaliokota pale pale: wanachama wote wakawa "magamba". Baadaye wabunge na madiwani wa upinzani waliohamia CCM walieleza kuwa wanaunga mkono juhudi za Rais Magufuli, na maneno hayo ya heshima yakageuka kejeli ya kumsema mtu yeyote anayebadili upande.

Mfano mzito kuliko yote upo Zanzibar. *Hizbu* lilikuwa jina la chama, Zanzibar Nationalist Party, kutoka Kiarabu kwa maana ya chama, na wanachama wake walilitumia kwa fahari. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 jina hilo likawa shutuma: wewe unataka kumrudisha Sultani. Mfumo wa vyama vingi uliporudi, wafuasi wa chama cha upinzani CUF wakaitwa Hizbu, wakiwemo vijana waliozaliwa miaka mingi baada ya chama hicho kufutwa. Kijana wa Pemba aliyezaliwa 1980 anabebeshwa mzigo wa uchaguzi wa 1961. Ukiandika "Hizbu" kama vile ni jina la chama tu, umesema kweli ya 1960 na uongo wa leo.

Umefaulu kama unaweza kueleza kwa sentensi mbili neno lilisema nini zamani, linasema nini sasa, na nani alilipindua.

## Hatua ya 3: Liweke kwenye fungu lake

Jiulize jina linamshika mtu wapi.

Linaweza kumshika kwenye tendo: fisadi, mla rushwa, mwizi wa kura. Haya ni mepesi kuyafanyia kazi, kwani tendo lina tarehe na lina mashahidi. Hatutakaa hapa.

Linaweza kumshika kwenye utii: kibaraka, msaliti, chawa. Fungu hili ndilo linalotumika ovyo kuliko yote, kwa sababu utii umo moyoni na moyo haupigwi picha. Wakati mwingine jina huwa na shabaha kali ajabu. Kabla ya kura ya maoni ya katiba ya Kenya, tarehe 4 Agosti 2010, rangi ya Ndiyo ilikuwa kijani na ya Hapana ilikuwa nyekundu. Mwanasiasa aliyesema Ndiyo jukwaani huku akidhaniwa kutaka Hapana akaitwa tikitimaji: kijani nje, nyekundu ndani. Linachekesha, na kila mtu alielewa shtaka ni nini. Linganisha na "Lumumba buku saba" (Lumumba ni mtaa wa Dar es Salaam zilipo ofisi za CCM), walilobandikwa vijana wanaoitetea CCM mitandaoni, likidai kwamba kila mmoja wao analipwa shilingi 7,000. Hili nalo lina dai, tena lenye bei, lakini linamfungia mdomo hata mtu anayeipenda CCM kwa dhati, ambaye hajawahi kuona hiyo buku moja, sembuse saba.

Linaweza kumfanya mnyama au mdudu: nyumbu, kupe, mende. Wafuasi wa CHADEMA wameitwa nyumbu kwa maana ya kufuata kundi bila kufikiri, hata mtoni penye mamba. Kupe lilienea enzi za Ujamaa, baada ya Azimio la Arusha la 1967, kwa mtu anayekula jasho la wenzake. Nia ilikuwa kupinga unyonyaji, na unyonyaji ulikuwepo. Lakini tazama neno linavyofanya kazi. Mnyonyaji anaweza kuacha kunyonya. Kupe hawezi, dawa yake ni kupondwa. Na lilipotoka kwenye hotuba likaingia mtaani, halikubaki kwa mwenye tendo. Lilimwangukia pia mfanyabiashara wa Kihindi kwa kuwa tu ni Mhindi mwenye duka.

Fungu la nne ni asili: madoadoa, kwekwe, wakuja, wabara. Hapa mtu hakutenda lolote. Kosa lake ni kuzaliwa kwingine. Tazama *kwekwe*, lililotoka shambani: magugu, na kila mkulima anajua magugu hufanywa nini.

Sijawawekea fungu wanawake wa siasa, ila lazima niseme. Mwanamume akichukiwa huitwa fisadi au msaliti. Mwanamke akichukiwa, mara nyingi huulizwa ameolewa na nani, amepandaje, analala wapi. Hayo hayana siasa ndani yake hata kidogo. Yakikufikia, yaondoe. Kama shambulio lenyewe ndilo habari, andika kwamba alitukanwa kwa jinsia yake, inatosha.

Onyo: neno linaweza kuhama fungu bila kubadilika sauti. "Msaliti" ndani ya chama ni utii. "Wasaliti" ukiwaambia watu wa kabila zima ni asili.

## Hatua ya 4: Ling'oe jina, weka dai

Hii ndiyo hatua yenyewe. Ukiwa na muda wa hatua moja tu, fanya hii.

Jina la kubandika ni dai lililojificha. Chukua ile karatasi yenye safu tatu. Andika jina upande wa kushoto, halafu ulazimishe kuwa sentensi yenye mtenda, tendo na mtendwa. Usipite mpaka sentensi ikamilike.

*Fulani ni kibaraka.* Nani anamtuma? Alitumwa kufanya nini? Alipewa nini? Kama safu ya ushahidi ina "alisafiri Ulaya" peke yake, huna dai. Una tiketi ya ndege.

*Wabunge wa COVID-19.* Hapa dai lipo, na ni la maana. Novemba 2020 wanawake 19 wa CHADEMA waliapishwa kuwa wabunge wa viti maalumu. Chama kikasema hakikuwateua, kikawavua uanachama siku chache baadaye, wao wakapinga. Idadi yao na janga la mwaka ule vikakutana, jina likazaliwa. Sasa soma sentensi kamili: "wabunge 19 wa viti maalumu ambao CHADEMA inasema haikuwateua". Imebeba mgogoro wote, na imewaacha wanawake hao wakiwa watu, si ugonjwa.

*Fulani ni chawa.* Dai ni kwamba anasifia ili apate kitu. Mara nyingi haya ni maoni, hayathibitishiki wala hayakanushiki. Liandike kama maoni ya msemaji. Wapo pia waliojiita chawa wenyewe bila kuona haya, na hapo humbandiki mtu, unamtaja alivyojitaja.

*Fulani ni nyumbu.* Lazimisha sentensi. Utaona haitoki. Inabaki dharau peke yake.

Kuna wanaodhani hatua hii ni ya kupoza maneno. Wamekosea. Sentensi "mahakama ilimtia hatiani kwa kuchukua fedha za halmashauri" inachoma kuliko "fisadi" mara kumi, na hakuna wakili wa kukutoa jasho. Tunachokitoa ni ukungu, moto tunauacha.

Umefaulu kama safu ya katikati imejaa sentensi kamili, na kila sentensi inaweza kujibiwa "kweli" au "si kweli". Pale safu ilipobaki tupu, umejua ulichokuwa unakaribia kusambaza.

## Hatua ya 5: Pima hatari ya kulirudia

Hata ukinukuu kwa nia njema, wewe unaliongezea neno safari. Uliza mambo matatu. Je, jina linawagusa watu wote wa asili fulani? Je, limewahi kutangulia damu mahali hapo? Je, limeambatana na kitenzi cha kutenda, kama ondoa, fyeka, ng'oa, safisha?

Majibu mawili ya ndiyo yanatosha kukusimamisha. Rwanda ni karibu, na kesi zake zilisikilizwa hapa hapa Arusha. *Inyenzi*, yaani mende, lilianza kwa waasi wa Kitutsi wa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1990 gazeti la Kangura na redio ya RTLM, iliyoanza kurusha matangazo 1993, walilitandaza juu ya Watutsi wote. Tarehe 3 Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda iliwatia hatiani waanzilishi wawili wa redio hiyo na mhariri wa gazeti hilo. Rufaa ya 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, lakini hakuna aliyetoka huru. Watu hao kazi yao ilikuwa kalamu na kipaza sauti.

Kenya, tume ya uwiano na utangamano, NCIC, ilitoa Aprili 2022 orodha ya maneno ya kuepukwa kuelekea uchaguzi. Yalikuwemo madoadoa, kwekwe, mende, wabara na wakuja. Ziliwekwa pia kaulimbiu za kisiasa kama "hatupangwingwi", na hapo mimi naona tume ilipitiliza: kumwambia mtu hatupangwi naye si kumtishia jirani. Orodha ya serikali isaidie, isikufikirie. Lakini kifungu cha 13 cha sheria ya 2008 kinabaki pale pale: atakayepatikana na hatia ya matamshi ya chuki anaweza kutozwa hadi shilingi milioni moja, kufungwa hadi miaka mitatu, au vyote viwili.

Umefaulu kama unaweza kusema kwa nini msomaji anahitaji kulisikia neno lenyewe. "Kwa sababu litasomwa sana" hilo si jibu.

## Hatua ya 6: Liandike

Una njia tatu, chagua moja.

*Nukuu kwa kinywa cha mwenyewe*, pale kusemwa kwake ndiko habari. "Mgombea aliwaita wapinzani wake vibaraka, hakutaja wanatumiwa na nani." Hicho kipande cha pili ndicho kazi yako. Usikiache.

*Badilisha kwa dai*, ukitumia safu yako ya katikati. Makala nyingi zinahitaji njia hii.

*Liache na ueleze*, pale hatua ya 5 ilipokusimamisha. "Alitumia neno la kuwafananisha wakazi wa makabila mengine na magugu, akataka waondolewe." Msomaji ameelewa, na neno halikupata mguu mpya.

Onyo kuhusu kichwa cha habari: alama za kunukuu hazisafishi kitu. Wengi husoma kichwa tu kwenye simu, na "CHAWA WAMJIBU MBUNGE" inabaki shutuma yako hata ukiiwekea alama nne. Kadhalika "anayedaiwa kuwa". Anayedaiwa na nani? Mtaje, au futa.

## Hatua ya 7: Ukibandikwa wewe

Usijibu "mimi si kibaraka". Umelirudia jina, na kesho vichwa vya habari vitaliweka karibu na jina lako kwa mdomo wako mwenyewe. Omba dai: "Unasema nilitumwa. Nani alinituma, kufanya nini?" Uliza mara moja, kwa upole, mbele ya watu wale wale waliosikia tusi. Kama una la kujibu kuhusu tendo, jibu tendo.

Ukibandikwa jina la asili au la mdudu, usibishane kabisa. Hifadhi picha ya skrini yenye tarehe na namba, hifadhi sauti, waambie watu wawili unaowaamini, na kama limeambatana na tishio peleka polisi. Nimeona watu wakifuta ujumbe kwa hasira au aibu, kisha wakakosa hata herufi moja ya kuonyesha.

## Hatua ya 8: Kwa msimamizi wa kundi

Weka kanuni mbili tu na uzibandike juu ya kundi kabla ya kampeni kuanza: anayemwita mtu jina aandike pia dai lake, na majina ya asili na ya wadudu yanafutwa papo hapo bila kujali ni ya upande gani.

Ya pili itakujaribu siku rafiki yako atakapokosea. Mfuate inboksi kwanza, mweleze kama ndugu: "Kaka, ujumbe wako nimeufuta, andika tena alichofanya huyo mtu." Akirudi na sentensi yenye tendo, iache isimame, hata kama inakikera chama chako.